Ubeti Nilioufuta

Kuna mlio mmoja nausikia hata nikiziba masikio: mlio wa vitufe viwili vya redio ya kaseti vinapobonyezwa pamoja, kile chekundu na kile cha pembeni yake. Wenzangu wa umri wangu wanaujua. Ukibonyeza kimoja, kaseti inacheza. Ukibonyeza vyote viwili, mashine inarekodi, na kilichokuwamo ndani kinafutika. Juzi nilikuwa sokoni Nizwa, kwenye duka moja linalowauzia watalii majambia yaliyoshika kutu na madele ya shaba ya kumiminia kahawa, nikaiona redio kama ile niliyokuwa nayo utotoni imepangwa katikati ya vitu hivyo. "Antika hii, mama," akanambia muuzaji, akabonyeza vitufe viwili kunionyesha kwamba bado vizima. Antika! Mimi sijafika hata hamsini. Nilitoka dukani bila ya kuaga, na msije mkadhani ni uzee. Ilikuwa hasira.

Hasira hiyo nataka kuwahadithieni nyinyi, maana jamaa zangu hawataki kuisikia. Kila nikianza wananambia, "Khalas, achana nayo." Siachani nayo.

Kwetu ni Ibra. Baba na ndugu zake walizaliwa Unguja, wakarudi Oman wakiwa watu wazima, na nyumba yetu ilikuwa mtaa uliokuwa na jamaa wengi kama sisi, ambao Kiarabu chao kilichekwa sokoni na Kiswahili chao kilinong'onwa maofisini. Ndugu mkubwa wa kiume alikuwa Ami Humud. Mkubwa wa wote, kumshinda hata yeye, alikuwa shangazi yangu Shinuna, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Shinuna. Alikuwa mrefu, ana miguu mikubwa ambayo hakuna kiatu cha kike kilichomtosha, na akicheka majirani walijua nini kimetokea kwetu kabla hatujawaambia.

Shangazi alikuja kutoka Unguja na udi wake, ile ala ya nyuzi ya taarabu, kauviringisha kwa kanga mbili kama mtoto mchanga. Kwenye harusi za kwetu wanawake walikuwa wakiimba kwa ngoma na makofi, na kuimba kwao kulikuwa kuzuri, siwatoi kasoro. Lakini mwanamke kukaa juu ya kiti, udi pajani, akaupiga mwenyewe na akaimba maneno aliyoyatunga mwenyewe, hilo hapakuwa na mtu aliyewahi kuliona pale kwetu. Mama alinihadithia siku ya mwanzo ilivyokuwa. Mabibi walijifunika midomo kwa shela zao. Wimbo wa pili shela zikashuka. Wimbo wa tatu bibi mmoja aliyekuwa hawezi kusimama bila ya kushikwa mkono alionekana katikati ya uwanja anacheza, na aliyemshika hayupo.

Mimi ndiye niliyekuwa naye anapotunga. Alitunga akikuna nazi, pale nazi zilipopatikana, akifua, akisukuma chapati. Ananitupia mstari, mimi nahesabu mizani kwa vidole, nane huku na nane huku. Ikizidi moja nasema, "Shangazi, imefurika," naye anaupunguza huku ananikoromea kama kwamba mimi ndiye niliyeuharibu. Nilikuwa na miaka tisa, na hapakuwa na kazi duniani niliyoiona tukufu zaidi ya ile.

Wimbo wake uliopendwa kuliko zote ulikuwa wa nazi. Ibra imejaa mitende, lakini mnazi hata wa dawa hupati, na wanawake waliozoea tui la kukamua walikuwa wakipika kwa tui la kopo na huku wanalitukana. Shangazi akawaimbia:

Mitende imejipanga, na mnazi siuoni,
Mchuzi nitauunga, kwa machozi ya jikoni.

Ukiusikia juu juu ni wimbo wa mapishi. Wanawake waliusikia vyengine, na kila mmoja alikuwa na lake la kulilia. Mwishoni, kama wanavyofanya watunzi wa kwetu tangu hapo, alijitaja kwenye ubeti wa kufungia:

Beti zangu nazifunga, jina langu nalisema,
Ni Shinuna nilotunga, binti yake Bi Salama,
Mukiimba na kuringa, munitaje kaditama.

Nilimuuliza kwa nini kamtaja mama yake na asimtaje baba yake. "Baba yangu katajwa kwenye pasi, kwenye hati ya nyumba, na kila mahali," akanambia. "Mama yangu hajatajwa popote."

Baba alikuwa ameniletea kutoka Dubai redio ya milango miwili, ile unayotia kaseti huku na huku ukatoa nakala. Asubuhi moja ya Ijumaa tuliurekodi wimbo chumbani kwetu, Shangazi na udi, rafiki yake Bi Zeyana na ngoma, mimi na vitufe. Tulipomaliza, Shangazi aliichukua kaseti, akachukua kisu, akakivunja kile kijino cha plastiki cha juu, maana kaseti iliyovunjwa kijino mashine haikubali kurekodi juu yake. "Hapa tena hapaandikwi kitu," akasema. Kutoka kaseti hiyo, ambayo tuliiita kaseti mama, nilimtolea nakala kila aliyetaka. Na waliotaka walikuwa wengi, kwa sababu Ibra kila Jumatano kuna soko la wanawake. Wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake, mwanamume haingii, hata awe nani. Shangazi alikuwa na mkeka wake mle, akiuza kofia na bukhuri, na kaseti zilitoka mkekani kwake zikaenda vijijini kote, na huko vijijini zikaingia kwenye gari za waume.

Hapo ndipo palipoharibika. Ami Humud alikuwa akifanya kazi Maskati, akirudi kila Alkhamisi. Alkhamisi moja teksi yao ilisimama njiani, mji wa Samail, kwa chai, na dereva akaufungulia wimbo wa nazi, milango ya gari wazi, akawa anauimba na yeye. Hakuwa Mswahili, aliyakariri maneno tu kwa utamu wake. Akaufikia ubeti wa mwisho, akautoa kwa sauti mbele ya abiria wanne, jina la dada yake Ami Humud na jina la mama yake.

Sijapata kuona mtu mwenye hasira ile. Aliingia ndani bila ya kuvua viatu.

"Wallahi, dereva!" alimwambia mama yangu, nami nimesimama nyuma ya pazia. "Dereva anamtaja mama yangu, Samail, na chai mkononi! Na hao abiria wananiuliza, huyu Shinuna ni nani? Mnamjua?"

"Ukawajibuje, shemegi?"

"Nikawaambia simjui."

Nakumbuka nilimhurumia Ami yangu. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwamba nilimhurumia.

Wakati ule Shangazi alikuwa Sur, amekwenda kumlea binti yake aliyejifungua, na ulezi wa mzazi kwetu ni siku arubaini. Ami Humud alijua siku zake. Aliniita kwenye majlisi ya waume, mahali nisipoingia ila kupeleka sinia, akanikalisha juu ya mto karibu naye.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, binti yangu. Kaa, kaa vizuri."

Akanimiminia kahawa kwa mkono wake. Nyinyi mliokulia kwetu mnajua maana yake: mtu mzima, mkubwa wa ukoo, anashika dele anammiminia kitoto cha kike. Nilikinywa kile kikombe kichungu kama shubiri na sikukunja uso. Akanieleza kwa upole kabisa kwamba jina la shangazi yangu linachezewa na watu wa barabarani, na kwamba mimi, peke yangu katika nyumba nzima, naweza kulisitiri. Wimbo wenyewe hauna neno, mzuri. Ni ule ubeti mmoja tu wa mwisho.

"Zikusanye kaseti, uufute. Mimi lile soko siingii, ya binti. Wewe unaingia."

Nikamwambia kaseti mama imevunjwa kijino. "Hakuna njia?" akaniuliza. Njia ilikuwepo, na niliijua. Unabandika kipande cha karatasi ya gundi juu ya tundu, mashine inadanganyika. Ningeweza kusema hakuna. Hakuna mtu mzima hata mmoja nyumbani aliyeijua mashine ile. Ningesema hakuna na mambo yangeishia pale. Nilimwambia, "Ipo, Ami," na nikaona raha.

Jumatano tatu nilikwenda sokoni. Nilikuwa nimeufikiria uongo wangu mwenyewe, hakunifunza mtu: leteni kaseti zenu, nimepata dawa ya kuzisafisha, sauti itatoka safi. Wanawake walizileta, hata zile zilizokuwa kwenye gari za waume zao. Walizitoa kwenye mikoba, chini ya marobota ya nguo, moja ilitolewa ndani ya kopo la hina. Bi Zeyana mpiga ngoma, aliyekuwa akiuza hina karibu na mlango, ndiye aliyenisaidia kuzikusanya, akipaza sauti, "Jamani, mpeni kaseti huyu! Huyu mtoto wa Shinuna, mashallah, kazi yake safi!" Walinipa na halwa juu yake. Niliila.

Kufuta kwenyewe kulikuwa kazi ya uangalifu. Redio yangu ilikuwa na kipaza sauti cha ndani, kwa hivyo ukirekodi juu ya kitu bila ya kuunganisha chochote, inachukua kila kinacholia chumbani. Nilifunga mlango, nikazima kiyoyozi, nikangoja kila kaseti ifike mahala pake, nikabonyeza viwili, nikakaa kimya mpaka ubeti uishe. Ibra mwezi wa Juni, kiyoyozi kimezimwa, jasho linanitiririka, nami najiona shujaa. Kaseti thalathini na moja, pamoja na ile mama. Baadaye nilipozisikiliza, pale palipokuwa na jina la shangazi yangu pakawa pana pumzi zangu mimi, na kwenye moja nimekohoa.

Nilizirudisha Jumatano ya tatu. Ami Humud alipokuja Alkhamisi alinishika kichwa mbele ya watu akasema huyu ndiye mtoto wa nyumba hii. Baba yangu alikuwepo. Aliangalia kikombe chake.

Shangazi alirudi kutoka Sur na mabunda ya samaki wakavu wa pwani ya Ashkhara, na mimi sikusema kitu, wala yeye hakuuliza kitu, hata Bi Zeyana alipomsifia kazi yangu ya kusafisha kaseti, kwa sababu hakuwa na tabia ya kujisikiliza. Kwake wimbo ulioimbwa ulikuwa umekwisha, aliutaka unaokuja. Mwaka mzima ukapita hivyo, na katika mwaka huo kaseti zilizaa nakala kwa maduka na mashine nyengine ambazo hazikuwa zangu, na zote zilitoka kwenye zile zilizofutwa.

Halafu tukaalikwa harusi Sur, kwa wakwe wa binti yake. Ukumbi wa wanawake ulijaa, wengi wao wasichana wa kule ambao hawakumjua Shangazi kwa sura. Wimbo wa nazi ulifunguliwa kwenye spika, na ukumbi mzima ukauimba. Nilimwona Shangazi anatabasamu, anajiziba mdomo kwa ncha ya buibui, kwa mara ya mwanzo katika maisha yake ana haya. Alingoja. Wimbo ukafika mwisho, pakaja ule ukimya wangu, na kaseti ikaingia wimbo mwengine wa mtu mwengine.

Shangazi akasimama. Sauti yake ilikuwa haihitaji spika. Akautoa ubeti wa mwisho wote, kwa utulivu, na alipofika kwenye jina la mama yake alilivuta kama alivyolivuta siku ile chumbani. Watu walimgeukia. Wengine walipiga makofi mawili matatu ya adabu. Msichana mmoja aliyekaa karibu, amevaa dhahabu na amejipamba kupita bibi harusi, akamwambia kwa huruma, kama mtu anayemrekebisha mzee aliyepotea:

"Khala, samahani. Hii beti haiko kwenye hii nyimbo."

"Haiko?"

"La, wallahi. Sisi tunaijua yote. Haiko."

Shangazi akakaa. Kisha akageuza shingo taratibu akanitafuta mimi, katikati ya wanawake mia mbili, na akanipata.

Njiani kurudi Ibra baba ndiye aliyeendesha, mama kakaa mbele, mimi na Shangazi nyuma. Tulikuwa tumeshauacha mji wa Sur nyuma kwa mbali aliponiuliza, sauti ya chini:

"Kaseti ulizisafisha kwa maji gani?"

Nikaanza kulia. "Ami Humud ndiye alonambia."

"Humud haingii soko la wanawake," akasema.

Nilidhani ananipa habari. Nilidhani hakunisikia vizuri, nikamrudia kueleza, kwamba ni Ami, ni Ami aliyetaka. Na tangu siku ile Shangazi hakunitupia mstari hata mmoja niuhesabu. Alinilisha, alinisuka nywele, alinipigania kwa mama nilipotaka kuendelea na masomo. Lakini nikiingia jikoni akiwa anatunga, alinyamaza mpaka nitoke. Hakuna aliyewahi kunipiga kwa uchungu ule.

Harusini aliendelea kwenda, na ubeti wake aliuimba mara mbili badala ya mara moja, makusudi. Vijana walicheka, wakidhani ni bibi anayejisifia wimbo usiokuwa wake. Kisha mialiko ikapungua, maana kaseti haihitaji nauli wala chakula, na haijitaji. Alifariki nikiwa chuoni Nizwa. Baada ya matanga nilitoka uani kwetu Ibra nikamkuta Ami Humud anakata makuti kwenye mtende wake, na huku anaimba kwa chini chini. Alikuwa anaimba wimbo wa nazi. Aliujua wote, kila neno, na sauti yake ilikuwa nzuri. Nilisimama pale na kisahani cha tende mkononi, nikatamani kumrushia. Aibu gani ile aliyoingia nayo kwa viatu, ikiwa wimbo wenyewe aliupenda kiasi kile? Waliutaka wimbo, wakautaka hasa. Mwenyewe ndiye hawakumtaka.

Mwaka huu, hapa Nizwa, kulikuwa na maonyesho ya turathi. Wasichana wa skuli waliimba wimbo wa nazi, nguo zao zimefanana, wamefunzwa vizuri. Mtangazaji akasema ni katika nyimbo za kale za wanawake wa Sharqiyah, mkoa wa kwetu Ibra, mtunzi hajulikani. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshasimama.

Aliyekuwa kwenye meza ya kuandikisha nyimbo, na daftari mbele yake, alikuwa kijana mstaarabu, jamaa zake wa Kigoma, Kiswahili chake cha bara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Andika. Mtunzi anajulikana. Anaitwa Shinuna, wa Ibra, na mimi ni mtoto wa ndugu yake."

Aliandika mstari mmoja, kisha akasita. "Mama, samahani sana. Wanakuja watu wengi, kila mmoja anasema wimbo fulani ni wa bibi yake. Ofisini kwetu wanataka rekodi. Unayo kaseti ambayo amejitaja?"

"Sinayo."

"Hata mtu mwingine? Majirani? Zilipotea zote?"

"Hazikupotea," nikamwambia. "Nilizifuta mimi. Moja moja."

Akaiweka kalamu chini. Alinitazama kama mtu anayetafuta njia ya kumwita mwenzake bila ya mimi kujua. "Kwa nini, mama?"

Jibu nilikuwa nalo tayari miaka thelathini na kitu: nilikuwa mtoto, nilitumwa, alinituma mkubwa wa ukoo. Kila neno la kweli. Nimewachukia kwa jibu hilo Ami yangu, na baba yangu na kikombe chake, na mama yangu aliyeyasikia uso kwa uso niliyoyasikia mimi nyuma ya pazia, na wala sijawasamehe. Lakini mbele ya yule kijana jibu lilinikwama, kwa sababu niliona kwa mara ya mwanzo jinsi kazi ile ilivyohitaji vitu vichache. Ami Humud hakuwa na nguvu hata ya kuvuka kizingiti cha soko. Hakuijua mashine, hakuijua njia ya kukidanganya kijino kilichovunjwa, hakuutunga ule uongo wa kusafisha. Alikuwa na kikombe kimoja cha kahawa tu.

"Kwa sababu nilisifiwa," nikamwambia.

Kijana akachukua kalamu, akaukata ule mstari aliouandika, akaniomba radhi, akamwita aliyekuwa nyuma yangu.